Kuhe Hafukuzwi

Kijiji kizima cha Karema kilijua kwamba Maiko ndiye atakayechukuliwa kazini. Baba yake mvuvi, babu yake mvuvi, na mwenyewe akiingia majini huoni hata povu. Mimi Masunga nimezaliwa zizini. Wazazi wangu walitoka Usukumani na ng'ombe wao, wakatua Litapunga, mbali na ziwa, na hadi naota ndevu maji mengi niliyoyajua yalikuwa ya lambo.

Mwaka huu akaja dada Marta, mzamiaji wa Tanga, na mitungi yake ya hewa. Alitafuta mahali pa kuwashusha wageni wanaotaka kuwaona samaki wa Ziwa Tanganyika wakiwa hai, si kwenye sahani. Alitufundisha vijana kadhaa, wengine wakaacha, tukabaki wawili, mimi na Maiko. Kazi ya kuongoza wageni ilikuwa moja. Nikiikosa, narudi Litapunga kutazama mikia ya ng'ombe mpaka uzee, na mimi nilishaapa kwamba sirudi.

Siku ya mtihani boti ilisimama juu ya mwamba, ng'ambo ya ghuba.

"Nataka kuhe mwenye watoto," dada Marta akasema. "Kila mmoja atanishusha kwa zamu yake. Nimwone karibu, nimpige picha. Ukinionyesha mkia tu, umeshindwa."

Kuhe ni samaki mkubwa, anaweza kufikia urefu wa mkono wa mtu mzima. Akiwa na watoto, dume na jike hukaa pamoja mchangani kuwalinda.

Maiko alicheka. "Kuhe? Dada, hilo muulize mtoto wa Karema. Huyu atakuonyesha ndama."

"Tangulia wewe, bwana makasia," nikamjibu. "Mwenye mbio hufikia, alichofuata hana!"

"Mashairi yako yana harufu ya samadi, Msukuma."

"Ndiyo maana yanaota."

Wakashuka. Nikiwa juu niliona mapovu yao yakikata huku na huku, kama ya mtu anayefukuza mwizi. Walipoibuka, dada Marta alivua miwani taratibu.

"Nimeona mkia," akasema.

"Amekimbia mwenyewe!"

"Umemfuata kama una wavu mkononi, Maiko."

Dada Marta akapumzika, akabadili mtungi. Nilipokuwa navaa mapezi, Maiko akaninong'oneza, "Nimekuachia vumbi. Kula, shemeji."

Hakudanganya. Kwenye mwamba wenyewe maji yalikuwa maangavu, samaki wadogo wa mistari ya manjano wakichuna ukoga juu ya mawe. Ila tulipofika mchangani vumbi lilikuwa bado linaelea, na kuhe hayupo.

Mvuvi angeanza kutafuta. Mimi nilitazama chini ya jiwe kubwa, nikaona kitu kama wingu dogo linalotetemeka. Watoto, mamia kwa mamia, kila mmoja mwembamba kama sindano. Basi mzazi wao hakuwa mbali.

Ng'ombe aliyezaa jana humwendei usoni. Akikukimbia humfuati. Unakaa karibu na ndama, unamgeuzia ubavu, unatazama kwingine, na yeye anakupima. Nikampa dada Marta ishara akae. Tukapiga magoti mchangani, mabega yetu yakielekea lile jiwe.

Tukakaa. Dada Marta akaniangalia, akanyoosha mkono upande wa pili wa mwamba: tuhame, tujaribu kule? Nikakataa kwa kiganja. Akanionyesha geji yake. Hewa ilikuwa inashuka, na yangu pia. Nikampa kiganja kilekile. Kama nilikuwa nimekosea, basi kazi nilikuwa nimeikosa.

Samaki wakorofi wakaanza kusogelea lile wingu, wakidonoa watoto pembeni. Hapo ndipo kuhe alipotokea gizani kama mkuki. Akawatawanya wakorofi, akageuka, akanijia mimi. Akanigonga kwenye kioo cha miwani, nikasikia kishindo hadi kwenye meno. Mikono yangu ilitaka kuruka. Nikaikataza. Akarudi nyuma, akanitazama kwa jicho moja, halafu mwenzake akaja akasimama ubavuni mwake. Watoto wakapanda kutoka chini ya jiwe, wakawazunguka. Nyuma yangu kamera ikaanza kumulika.

Kwenye boti dada Marta alimpa Maiko kamera. Maiko aliangalia picha muda mrefu.

"Bahati," akasema.

"Bahati gani inayopiga magoti?" dada Marta akauliza. "Kazi ni ya Masunga."

Maiko akatupa mapezi yake chini. "Mchunga ng'ombe aongoze wageni kwenye ziwa letu! Watu wa Karema watasema nini?"

"Watasema ziwa limempata mwenyewe," nikamwambia. "Ila wageni wakiwa wengi nahitaji mtu wa kukaa nyuma yao. Mikondo ya hapa hakuna anayeijua kama wewe."

"Nani kakuruhusu kuajiri?" dada Marta akadakia.

"Si mimi ndiye kiongozi?"

Dada Marta alicheka mpaka boti ikayumba. Maiko hakucheka. "Mimi nikae nyuma yako?"

"Utakaa. Kukaa ndiyo kazi yenyewe."

Tulipogusa ufukwe akayaokota mapezi yake.

Jumamosi nikashuka na wageni wa kwanza. Tulipofika mchangani niligeuka kuwahesabu. Wa mwisho kabisa alikuwa Maiko, amepiga magoti, ameikumbatia mikono yake kifuani kana kwamba akiiachia itamtoroka.