Kivuli Kwenye Shamba la Skolastika

Jumanne asubuhi Skolastika Kereu alikwenda shambani kuchimba viazi vitamu vya watu wa matanga, akakuta kivuli cha helikopta kimebaki. Helikopta yenyewe ilikuwa imepita Jumamosi, ikashuka chini chini juu ya miti, ikageuka mara moja, ikarudi zake pwani. Kivuli hakikuondoka nayo. Kilikuwa kimelala juu ya matuta manane, pua ikielekea mtoni na mkia ukiishia kwenye mgomba, na jua lilipopanda hakikusogea hata unyayo mmoja.

Hapo ndipo binti yake Imelda, mwenye miaka kumi na tisa, alipoangukia akiwa na kikapu mgongoni. Walikuwa wamemzika Jumapili.

Skolastika alikizunguka kivuli, akachimba viazi vya pembeni, akarudi nyumbani kukoka moto.

“Kivuli kimebaki shambani,” alimwambia kaka yake, Aloisi.

“Kikubwa?”

“Matuta manane.”

Aloisi alipiga hesabu kimoyomoyo. “Basi mwezi wa nane tutapungukiwa chakula, dada.”

Jioni walikwenda wote kukiangalia. Kilikuwa na ubaridi wa kisima. Ukichimba, udongo ulikuwa mweusi hata mkono ulipozama mpaka kiwikoni, na chini ya hapo hakuna aliyeona sababu ya kuendelea. Kuku walikuwa wameshakizoea. Walisimama ndani yake saa za joto. Kila kitu kilionekana: mapanga ya juu, mlango uliofunguliwa, kiwiko cha mtu aliyeegemea mlangoni. Ubavuni, kulia na kushoto, mitutu miwili ya bunduki ilikuwa imetoka nje, imenyooka kama mipini ya majembe.

Kule Bougainville, kisiwani kwao, mahali damu ilipomwagika hupandwa tanget, mmea wenye majani mekundu, na anayeupanda ni mama, maana ardhi ni ya akina mama. Ukishapandwa, hapiti mtu. Hata mwenye shamba hapiti. Utabaki hapo mpaka muuaji aje na watu wake, akae chini, atafune popoo na tambuu na wafiwa, midomo yote iwe myekundu sawasawa. Hapo mama huung'oa kwa mkono wake mwenyewe, na ukishang'olewa neno limekwisha. Hakuna wa kulirudia, awe na hasira au awe amelewa. Skolastika alipanda miche ishirini na miwili kukizunguka kivuli, akasubiri.

Hakuja mtu. Wangejaje, na kwenye karatasi hakukuwa na bunduki? Helikopta zile zilikuwa zawadi ya nchi jirani kubwa kwa serikali, iliyokuwa vitani na waasi wa kisiwa hicho, pamoja na meli za doria zilizosimama baharini mwaka mzima zikizuia dawa, sabuni na mafuta ya taa visifike kisiwani. Zawadi ilikuja na mkataba, na mkataba ulisema wazi: helikopta ni za kubeba wagonjwa na vyakula, na ni marufuku kuzifunga bunduki. Serikali ilitia saini. Kwa hiyo bunduki hazikuwepo, na kwa kuwa hazikuwepo, katika kitabu cha vifo cha serikali iliandikwa kwamba Imelda Kereu alikufa kwa malaria.

“Malaria yenye matundu matatu,” alisema Aloisi. “Mbu wa siku hizi wamesoma.”

Katekista wa kijiji aliandika barua. Ilivushwa hadi visiwa vya jirani kwa boti ya injini iliyokunywa mafuta ya nazi, ikapita kati ya meli mbili za doria, na baada ya miezi minne jibu likaja kwamba nchi iliyotoa zawadi itatuma mkaguzi aone kivuli.

Mkaguzi aliitwa Bwana Prentice, mtu mrefu mwenye kofia pana na utepe wa kupimia mfukoni. Aliletwa na meli ya doria. Ilikuwa mara ya kwanza kwa meli hizo kusogea karibu kiasi cha watu kuona kutu yake. Alifuatana na Kapteni Kisokau wa jeshi la serikali, mtu wa kisiwa kingine cha nchi hiyohiyo, mpole, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Wenyeji waliwalisha kwanza, kwa sababu mgeni haulizwi neno na njaa yake: viazi na majani ya maboga katika tui la nazi. Bwana Prentice aliongeza mara mbili. Kisha wakaenda shambani.

Alikitazama kivuli kwa muda mrefu, akauliza kama wakati wa mvua huwa chepesi.

“Huwa vilevile,” alisema Skolastika.

Aliandika. Akainua mguu kuingia, Aloisi akamshika mkono.

“Hapana, bwana. Hapo hapapitwi.”

“Nisipoingia nitapimaje?”

“Pima ukiwa hapo hapo. Macho hayajakatazwa.”

Bwana Prentice alichuchumaa, akainama, akajaribu upande huu na upande ule. Ile mitutu ilikuwa katikati, mbali na ukingo. Alikuwa mtu mwaminifu, na uaminifu wake ndio uliomkwamisha. “Kutoka hapa naona vitu viwili virefu,” alisema. “Vinaweza kuwa bunduki. Vinaweza kuwa ngazi.”

“Au miti ya machela,” alisema Kapteni Kisokau kwa upole. “Tunabeba wagonjwa wengi.”

“Nisipopima, mama, nitaandika kwamba haikuthibitika.”

Skolastika alimtazama mtu huyu aliyetoka mbali na utepe wake. “Na ukipima, ukaandika ni bunduki, zitatolewa?”

“Ndivyo mkataba unavyosema.”

“Zote? Hata za helikopta nyingine?”

“Zote.”

Akainama, akashika mche wa kwanza wa tanget.

“Dada!” Aloisi alisema. “Ukiing'oa umemaliza. Mimi mjomba wake sitaweza hata kutaja alivyokufa.”

“Najua.”

“Hakuna aliyekuja kukaa chini na wewe. Hakuna aliyetafuna hata popoo moja!”

“Najua, Aloisi. Wapo mabinti wa wenzangu wanaokwenda shambani kesho. Nyamaza, nisije nikaacha.”

Aliing'oa yote ishirini na miwili. Ilikuwa imeshika mizizi vizuri, na ilimchukua muda. Iliuma kuliko kuzika, kwa maana kuzika alisaidiwa. Aloisi aligeuka akatazama mtoni, na watu waliokuwa wamekuja kushuhudia wakavua kofia, kama inavyofanywa neno linapokwisha.

Bwana Prentice akaingia na utepe wake. Mtutu wa kulia ulikuwa mita moja na sentimita kumi, wa kushoto vilevile. Alipima mpaka kile kiwiko cha mlangoni. Alipotoka, soksi zake zilikuwa zimelowa ubaridi, na Skolastika akamwomba asome alichoandika. Akasoma: Bunduki mbili, zimefungwa imara, nyuma ya ile ya kulia pana mtu.

Skolastika akalia hapo kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alilia kwa nafuu, na mimi nisingemlaumu.

Kapteni Kisokau hakubisha vipimo. Aliinama, akaikusanya ile miche iliyong'olewa, akaihesabu, akaiweka vizuri kando ya njia. Kwao pia hupandwa tanget.

Jibu lilifika baada ya wiki sita, likiwa na mihuri miwili. Serikali na nchi rafiki zilikubali vipimo vyote vya Bwana Prentice na kumshukuru kwa umakini wake. Hata hivyo, kwa mujibu wa maelezo ya Kapteni Kisokau, mama wa marehemu aling'oa tanget kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiari, mbele ya mashahidi, na kwa mila za wenyeji shauri lilikuwa limemalizwa. Pande zote mbili ziliheshimu sana mila za wenyeji. Helikopta zingeendelea na kazi zake, na mbili zaidi zilikuwa njiani, kwa masharti yaleyale.

Katekista aliisoma barua mara mbili. Aloisi alitaka miche ipandwe upya usiku huohuo. Skolastika alisema tanget haipandwi mara mbili kwa mtu mmoja, na kila aliyekuwepo alijua kwamba ni kweli.

Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, padre aliwapanga akina mama mstari mmoja mbele ya altare. Kila mmoja alitaja jina la aliyempoteza mwaka ule na namna alivyokufa, na kanisa zima likaitikia. Mmoja alisema homa, kwa kukosa dawa. Mmoja alisema uzazi. Ilipofika zamu ya Skolastika alisema, “Imelda Kereu.” Watu wakasubiri. Alifunga mdomo, akarudi kuketi kwenye benchi lake karibu na dirisha.

Helikopta ilikuwa inapita wakati huo juu ya paa, na bunduki zake mbili. Padre alisubiri mlio uishe, kisha akamwita mama aliyefuata.