Ubeti Mmoja kwa Emama Debritu

Siku Emama Debritu alipozikwa, watu walinyamaza wakimngoja Yeshimebet aimbe, na Yeshimebet hakuimba.

Alisimama kando ya jeneza, mtandio mweupe ameufunga kiunoni kama wafiwa wanavyofunga, mikono kifuani. Wanawake walikuwa wamemzunguka tayari kuitikia. Mdomo wake ulikuwa mkavu kama majivu. Maneno aliyajua yalipo, yako chumba cha pili, lakini mlango ni kama umezibwa kwa pamba. Wakangoja. Mwishowe mwanamke mmoja wa kutoka Kombolcha, mji wa jirani, ambaye hata hakumjua marehemu vizuri, akaanzisha zile beti za kila msiba, watu wakaitikia, jeneza likainuliwa.

"Amekuwa jiwe," mtu alinong'ona nyuma yake. "Ni zile dawa."

Emama Debritu alikuwa mama yake mkubwa, na ndiye aliyemlea. Kwa miaka mingi hakuna aliyezikwa upande ule wa mji wa Dessie bila yeye kuitwa, awe Mkristo au Mwislamu. Alikuwa akisimama mbele ya watu, anamtazama marehemu kama anayemsuta, kisha anatoa ubeti wa mistari miwili, na hata mtu aliyekuja kwa ajili ya chakula tu alijikuta analia.

Kazi hiyo alimfundisha Yeshimebet juu ya ungo. Asubuhi za jua, baada ya mvua kubwa kwisha, walikaa uani wakipepeta nafaka ya tefu, mama mkubwa kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, mtoto chini kwenye ngozi ya kondoo.

"Nani kafa leo?" Emama Debritu aliuliza.

"Hakuna aliyekufa, Emama."

"Basi muue mtu! Utajifunzaje? Muue yule jogoo. Haya, mlilie."

Yeshimebet akasimama, akajipiga kifua, akamlilia jogoo, na jogoo mwenyewe anadonoa tefu miguuni pake. Emama Debritu alicheka mpaka tefu ikamwagika. Kisha akapangusa macho, akawa mwalimu tena.

"Nta ninaiona. Dhahabu umeificha wapi?"

Nta ni lile neno sikio linalolisikia kwanza. Dhahabu ni lile linalobaki moyoni nta ikishayeyuka. Ubeti usio na dhahabu, Emama Debritu aliuita kelele za mbuzi. Yeshimebet alipokuwa msichana alipata kelele za mbuzi nyingi sana. Siku alipoambiwa, "Hapa umepata, mwanangu," alikimbia mpaka kwenye mikaratusi na kurudi, kwa furaha tu, halafu akaona aibu kwamba amekimbia.

Hizo ndizo siku alizozikumbuka sasa, akiwa peke yake katika nyumba ile, kigoda kimeegemezwa ukutani.

Lakini zilikuwapo siku nyingine alizozikumbuka kwa tamaa zaidi, na hizo hakumwambia mtu. Ni za mwaka aliougua, binti yake Meklit akiwa bado mdogo na baba yake Meklit ameshahamia kwa mke mwingine. Mwanzo wa ule ugonjwa ulikuwa mtamu. Hakuhitaji usingizi. Harufu ya kahawa ilikuwa na rangi. Beti zilimjia kwa makundi, hakuzitafuta, zilimtafuta. Kwenye msiba wa Mwalimu Yimer aliimba toka asubuhi mpaka jua la utosi bila kunywa maji, na wanawake wakalia, na wanaume wazima wakageukia ukuta wakalia. Hakuwahi kuimba vile, wala hakuimba vile tena.

Yaliyofuata hakuyakumbuka sawasawa. Njia ya mlimani, miguu peku. Watu wakimshika mikono. Hospitali. Meklit alikutwa stendi ya mabasi, ameketi juu ya gunia la mtu, anamngoja mama aliyemwambia "nakuja".

Tangu hapo, kila asubuhi, kabla kahawa haijapanda moto, Emama Debritu alimletea kikombe cha maji na kidonge kwenye kiganja.

"Meza, binti yangu. Meza tuanze siku."

Naye akameza. Alinenepa, mikono ikawa na mtetemo mdogo, akalala usingizi mzito kama wa mtu aliyefukiwa. Alipika, alimpeleka Meklit shule, alifuma vikapu vya kuuza sokoni. Na beti hazikuja. Emama Debritu hakumlaumu hata mara moja, lakini pia hakumuuliza tena nani kafa leo.

Sasa arobaini ilikuwa inakaribia. Wazee wa chama cha kuzikana walikuwa wameshaahidi turubai na masufuria. Kila aliyekutana naye njiani alimshika mkono, akasema neno lile lile kwa namna yake: kwenye arobaini utamwimbia, siyo? Huwezi kumwacha mama yako mkubwa aondoke kimya.

Asubuhi moja Yeshimebet alijimiminia kikombe cha maji mwenyewe, akakitazama kidonge, akakirudisha kwenye chupa. Ni mpaka arobaini tu, alijiambia. Nimwimbie, kisha nitarudi.

Siku za kwanza hakuona kitu. Kisha asubuhi moja alikuwa anakaanga kahawa, na ile harufu, iliyokuwa imemkalia mbali miaka yote hiyo, ikamwingia mpaka kwenye macho. Alisimama na kikaango mkononi mpaka punje zikaungua. Mikono ilikuwa imetulia. Alianza kuamka mapema, ndege bado wamelala, na kichwani kulikuwa na kitu kinacholia kidogokidogo kama maji yanayokaribia kuchemka. Aliimba midomo imefungwa, akifagia. Alikuwa na furaha, na furaha yenyewe alikuwa anaijua.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kumwamsha Meklit kwa ajili ya shule. Alivuta blanketi, akaacha kuimba.

Mtoto alikuwa amelala na viatu. Viatu vyake vya shule, vimefungwa kamba, fundo juu ya fundo.

"Meklit? Mbona umelala hivi?"

Meklit akaketi, akavuta miguu chini ya gauni. Alikuwa na miaka kumi, na uso mdogo wa mtu anayejua kutunza siri.

"Baridi."

"Viatu ndivyo vinavyokuondolea baridi?"

Mtoto alitazama dirisha. Kisha akasema, "Unaimba ukifagia. Emama alisema, mama akianza kuimba alfajiri nimwite yeye. Sasa yeye hayupo. Nikaona... ukitoka, mimi nitakuwa tayari. Sitapoteza muda kutafuta viatu."

Yeshimebet aliliweka blanketi kando. Alipiga magoti akafungua mafundo yale, na yalikuwa magumu, ikabidi atumie meno.

Siku ile ilikuwa ya kumenya vitunguu vya kukaushwa kwa viungo vya karamu ya arobaini. Etete Tiruwork, jirani, alikuja na kisu chake mwenyewe, kwa sababu visu vya watu wengine hakuviamini. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, mjane wa mara mbili, na alipenda kusema kwamba wanaume wanamwogopa hata Malaika wa Mauti akiwatuma kumchumbia.

"Umepungua," alisema akijitupa juu ya gunia. "Jana ulikuwa gunia, leo umekuwa mfuko. Unakula nini?"

"Nakula kama kawaida."

"Kawaida ya nani? Na macho hayo yanawaka. Haya, menya, usinitazame."

Wakamenya. Rundo la vitunguu vyekundu lilikuwa kubwa, na muda si muda wote wawili walikuwa wanatiririkwa na machozi, wanajipangusa kwa viwiko. Yeshimebet aliona ni wakati mzuri wa kuuliza, kwa sababu mbele ya vitunguu hakuna anayeweza kujua nani analia nini.

"Etete, unaukumbuka msiba wa Mwalimu Yimer?"

"Nitausahau vipi?"

"Niliimba vizuri siku ile."

Kisu cha Tiruwork kikasimama.

"Niambie ubeti mmoja," Yeshimebet alisema. "Mmoja tu kati ya nilizoimba. Mimi nimezisahau zote. Kila nikijaribu kuzikamata zinaniponyoka, nakumbuka tu zilivyokuwa tamu."

"Mwanangu..."

"Watu walilia, Etete. Niliwaona. Wanaume waligeukia ukuta."

Tiruwork aliweka kisu chini. Kwa mara ya kwanza tangu Yeshimebet amjue, alisema kwa sauti ndogo.

"Walilia, ndiyo. Tulikuwa tunakulilia wewe." Akavuta pumzi. "Hapakuwa na ubeti pale. Ulikuwa unasema maneno, moja linavuta jingine, bila mkia wala kichwa. Mwalimu Yimer hata hukumtaja. Midomo imepasuka, mtoto amening'inia kwenye sketi yako anasema twende nyumbani. Nani asingelia? Debritu ndiye aliyekufunika mtandio wake akakutoa."

Yeshimebet aliendelea kumenya. Kitunguu kilichokuwa mkononi kilikwisha, akabaki na hewa.

"Kwa hiyo hazikuwapo," alisema.

"Hizo hazikuwapo. Lakini ubeti wa makaa upo!" Sauti ya Tiruwork ikarudi kuwa kubwa, kama aliyeona mahali pa kupita. "Ule uliomwimbia Fatuma muuza makaa. Mpaka leo wauza makaa wanauimba sokoni, wale wajinga, wanautumia kuitia wateja!" Akajipiga kifua kwa mkono unaonuka vitunguu, akaimba:

*Mama wa makaa ameondoka, nani ataliwasha jiko?*
*Tulimlilia: kaa! kaa! Akadhani twataka mzigo.*

Yeshimebet aliukumbuka. Ulikuwa ubeti wa usichana wake, kabla ya ugonjwa na kabla ya Meklit. Haukumjia kwa makundi. Aliuhangaikia siku tatu nzima mama huyo akiwa mahututi, akitafuta namna ya kumwambia abaki, akaudhika, akalia, akamuudhi na Emama Debritu. Ndio uliomfanya akimbie mpaka kwenye mikaratusi.

"Huo ulinichukua muda," alisema.

"Basi chukua muda. Nani anakukimbiza?" Tiruwork akanyanyua kisu. Kisha, bila kumtazama: "Dawa zako unameza?"

Yeshimebet alitazama miguu yake. "Niliacha. Siku chache."

"Nilijua. Mimi ni mjinga wa mambo mengi, siyo wa macho." Hakumkaripia. Alimsukumia kitunguu kingine. "Kesho tunakwenda kliniki. Mimi nitabeba mwavuli, wewe utabeba mdomo, uwaambie mwenyewe."

Muuguzi wa kliniki, Sista Frehiwot, alimsikiliza mpaka mwisho huku kalamu imefunikwa.

"Kwa nini uliacha?"

Yeshimebet aliona haya. Angeweza kusema alisahau. Akasema, "Nilitaka maneno yangu."

"Na ulipoyapata?"

"Mtoto wangu alilala na viatu."

Sista Frehiwot aliweka kalamu mezani. Alisema hataki kumdanganya: dawa ile inamchukulia mtu vitu, na yeye anajua. Akamwita daktari, wakazungumza wote. Atarudi kwenye kipimo chake cha kila siku. Akishatulia, msiba ukipita, wataangalia pamoja kama kinaweza kupunguzwa kidogokidogo, au kubadilishwa, na kila mara aje aseme anavyojisikia. Lakini kuacha peke yake, ghafla, hapana.

"Na maneno?" Yeshimebet aliuliza.

"Hilo sijui," alisema Sista Frehiwot. "Natamani ningejua."

Kurudi hakukuwa rahisi. Harufu ya kahawa iliondoka tena, siku kwa siku, kama mgeni anayeaga kwa hatua ndogo, na Yeshimebet aliililia kweli. Mikono ilianza tena mtetemo wake. Asubuhi alijimiminia maji, akajiambia kwa sauti, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno, "Meza, binti yangu. Meza tuanze siku." Akarudia tena: meza. Akabaki ameshika kikombe. Uani vijana wa chama walikuwa wanashusha meza ndefu za karamu, wanagombana zipite wapi.

Alikaa na neno lile kama mtu anayetafuna kitu kigumu. Alilipeleka sokoni, akalirudisha. Lilimchosha. Mara mbili alilitupa kuwa ni kelele za mbuzi.

Siku ya arobaini turubai lilijaa. Makasisi walisoma sala, wakala chakula. Kisha wanawake wakasimama, wakamtazama, na Yeshimebet akaingia katikati, mdomo mkavu. Meklit alikuwa mbele kabisa. Kimya kikawa kirefu, hata yule mwanamke wa Kombolcha akafungua kinywa kumwokoa. Yeshimebet akainua mkono kumzuia. Akajipiga kifua. Sauti ilitoka ndogo, ya mtu mwenye haya:

*Kila asubuhi uliniambia: binti yangu, meza, meza!*
*Leo nimeiandaa, wote wameketi, ni wewe tu uliyenyamaza.*

Kwanza walisikia karamu. Yeshimebet aliwaona wanatazama meza zilizoandaliwa, sahani, wageni. Kisha aliona nta inayeyuka, uso mmoja baada ya mwingine, kwa wale waliojua kikombe cha maji cha Debritu. Tiruwork ndiye aliyepiga ukelele kwanza, na baada yake turubai zima.

"Mwingine!" mtu alilia nyuma. "Yeshimebet, mwingine!"

"Sina mwingine," alisema. Ilikuwa kweli. Akaenda kuketi, na safari hii wale waliolia hawakuwa wanamlilia yeye.

Jumamosi baada ya turubai kuondoka, alitoka uani na ungo. Meklit alikuwa amekishusha kigoda kutoka ukutani, ameketi juu yake, miguu peku kwenye jua.

"Umemeza?" mtoto aliuliza.

"Nimemeza."

Meklit aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Kisha akamtazama jogoo wa jirani, aliyekuwa anajipitia kando ya ukuta bila wasiwasi.

"Nani kafa leo, mama?"

Yeshimebet aliweka ungo chini. Alifikiri, na kufikiri kulikuwa kuzito, kama kutembea ndani ya tope.

"Nipe muda," alisema.

"Chukua," alisema Meklit. "Mimi siendi popote."