Bastola Juu ya Kisanduku cha Karatasi

Kwa miaka kumi na tisa Verlin Stuckey aliwafundisha watu wa mji wake, huko Texas, kubeba bastola kwa usalama. Kila darasa alilianza kwa kuwacheka wanaosahau silaha chooni. "Mtu wa hivyo apewe manati," alizoea kusema.

Jumamosi moja alikuwa mgahawani akila chakula cha mchana na wanafunzi wapya. Akapapasa kiunoni, chini ya shati. Ala ya bastola ilikuwa tupu. Akakumbuka. Alipokwenda chooni aliiweka bastola juu ya kisanduku cha karatasi za chooni ili avue suruali, na akaiacha palepale.

Kabla hajainuka, mlango wa choo pekee cha mgahawa ukafunguliwa. Akatoka Bi Pruitt, mwanafunzi wake wa mwaka jana, amemshika mkono mjukuu wake wa miaka minne. Alikuja mezani ameukumbatia mkoba wake kifuani.

"Tumekuta bunduki," mtoto akaitangazia meza nzima. "Mimi ndiye niliyeiona kwanza. Sikuigusa."

"Nimeitoa risasi," Bi Pruitt akasema taratibu. "Ni ya nani?"

Verlin alifungua mdomo, lakini mwanafunzi mmoja akamuwahi.

"Huyo apewe manati!"

Meza ikaangua kicheko, na Verlin akacheka nao, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Bi Pruitt hakucheka. Bastola ile ndiyo aliyojifunzia kutoa risasi, mkono wa Verlin ukiwa juu ya wake. Alimtazama tu mwalimu wake, akingoja amalize kucheka.