Miguu ya Nyangumi

Mama Mifupa akikataa kitu, basi kimekataliwa. Mletee kiti mzungumze vizuri. Atakaa, atakushukuru, na atakataa akiwa amekaa. Wote waliofanya naye kazi pale makumbusho walilijua hilo, na aliyelijua kuliko wote ni mkurugenzi mwenyewe, maana Mama Mifupa alikuwa shangazi yake, dada wa baba yake, na ndiye aliyemlea.

Siku moja kabla ya kufungua ukumbi mpya, mkurugenzi alimkuta amesimama chini ya nyangumi, anafuta mbavu kwa kitambaa kikavu. Nyangumi mwenyewe alikuwa mifupa mitupu, ameninginizwa kwa nyaya kutoka darini, kichwa kimeelekea mlangoni, mkia unakaribia ukuta wa nyuma. Na huko nyuma, chini ya uti wa mgongo, mifupa miwili myembamba, kila mmoja mrefu kiasi cha kiganja, ilielea peke yake hewani. Haikugusa mfupa mwingine wowote.

"Shangazi, ile miwili ishushwe," mkurugenzi alisema. "Mfadhili ameiona jana. Anauliza kwa nini tumetundika mabaki. Watu watadhani tumeshindwa kumaliza kazi."

"Ungemwambia ni miguu."

"Nilimwambia. Akacheka."

"Basi acheke, nani kamzuia?"

"Au tuibandike kwenye uti wa mgongo. Gundi kidogo tu, Shangazi. Nani atajua?"

Loo! Hapo alikanyaga pabaya. Mama Mifupa alikikunja kile kitambaa taratibu, akakitia mfukoni.

"Nitajua mimi," alisema. "Mababu wa nyangumi walikuwa wanyama wa nchi kavu, wana miguu minne, wanatembea kama wewe unavyotembea kumfuata mfadhili. Wakaingia majini. Mamilioni ya miaka yakapita, miguu ya mbele ikawa mapezi, na ukiyafungua hayo mapezi utakuta vidole humo ndani. Ya nyuma ikapotea. Kilichobaki ni nyonga, mashina ya miguu hiyo, vipande viwili vilivyozama kwenye nyama, vimeachana kabisa na mgongo. Ukivibandika ni uongo. Ukivitoa ni uongo vilevile. Chagua wako, mimi simo."

"Shangazi, hapa mimi ni mkurugenzi."

"Najua. Vifungo vya shati ulilovaa siku ya usaili nilivishona mimi."

Mkurugenzi hakucheka. "Ukikataa, ukumbi huu nitampa mtu mwingine. Ufunguo utaurudisha."

Neno hilo lilimuuma Mama Mifupa, tusidanganyane. Nyangumi yule alikuwa wake. Alipotupwa ufukweni amekufa, ameoza, ni yeye aliyesimamia kumchuna. Kosa kubwa la kazi hiyo ni kuitupa ile mifupa miwili pamoja na nyama, kwa sababu imezama humo na haikushikwa na chochote. Wengi wameitupa na wakarudi nyumbani wakijisifu. Yeye alitumbukiza mikono mpaka mabegani, anapapasa, wenzake wamesimama kule wameziba pua. Akaipata. Harufu ilimganda hata mumewe akachukua mto wake na kuhamia sebuleni, wala hakumlaumu. Hata yeye angehama.

"Nimekusikia," alisema. Mkurugenzi akaondoka ameridhika. Masikini, alikuwa amesahau kwamba kwa shangazi yake kusikia ni kusikia tu.

Asubuhi ya ufunguzi viti vilijaa. Wanafunzi walikaa sakafuni mbele, mfadhili akakaa safu ya kwanza, mguu juu ya mguu. Mama Mifupa aliingia, akainua macho kumtazama nyangumi wake. Nyaya mbili za nyuma zilikuwa zinaninginia tupu.

Alitaka kulia, na angelia kweli kama hasira isingemuwahi. Akageuka kumtafuta mpwa wake. Yule pale, kavaa koti joto lote lile, kiganja kimekandamiza mfuko wa kulia, macho yanakagua dari. Mama Mifupa alimjua vizuri mtoto huyo. Tangu akiwa mdogo, akiiba biskuti kabatini, alisimama hivyohivyo.

Akaitwa mbele awaeleze wageni habari za nyangumi.

"Mnyama huyu hajakamilika," alianza. "Jana alikuwa na miguu. Leo hana."

Wanafunzi wakaangua kicheko. "Nyangumi ana miguu?"

"Anayo. Iko mfukoni mwa mkurugenzi."

Mama Mifupa akanyoosha mkono. "Mwanangu, lete."

"Shangazi, watu wanatazama," mkurugenzi alinong'ona, jasho linamtiririka.

"Ndiyo maana nasema kwa sauti. Lete."

Akaitoa, mmoja, kisha wa pili. Mama Mifupa akavuta ngazi, akapanda, magoti yanalalamika na yeye hayasikilizi. Akaifunga mifupa kwenye nyaya zake.

"Hii ndiyo nidhamu ya hapa?" mfadhili aliuliza, ameshavimba.

"Nidhamu ipo, mzee wangu," alijibu akiwa palepale juu. "Uongo ndio tumeukosa."

Aliposhuka alivua ufunguo shingoni, akamwendea mpwa wake, akautumbukiza kwenye ule mfuko wa kulia. "Umebaki mtupu, si vizuri," alimwambia. Kisha akatoka kwa mlango wa mbele, kichwa juu, na alipofika nje ndipo akalia.

Wiki iliyofuata alipanga foleni kama watu wengine, akakata tiketi. Alikuwa amejiandaa kukuta nyaya tupu, na maneno ya kumpa mtu alikuwa nayo tayari.

"Mama, umetuponza," mkatisha tiketi alimwambia. "Watoto siku hizi hawaulizi kichwa wala mkia. Wakifika tu, miguu iko wapi? Tungeitoaje?"

Ndani, mifupa miwili ilikuwa inaelea mahali pake. Chini yake darasa zima limeinua shingo, na mbele yao amesimama mkurugenzi, bila koti, mikono yote miwili nje, anaelekeza kidole juu huku sauti inamtoka kwa shida. "Hii... eeh... mababu zake waliitembelea."

Mama Mifupa alisimama nyuma kabisa ya wanafunzi, akanyoosha mkono.

"Sauti, mwanangu! Huku nyuma hatusikii."