Sehemu ya Shukrani

Jumatatu tarehe 9 Machi 2026, saa moja asubuhi, majani aliyoyafyeka Ignatio yalikuwa yamelala shambani siku kumi na moja bila kufunikwa. Shamba liko Kitura, kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Kwa Wamatengo mwanamume hufyeka na kupanga majani katika miraba. Mwanamke huchimba katikati ya kila mraba, huyafunika majani kwa udongo, kisha hupanda maharage juu yake. Shimo linalobaki ndilo ngolo. Emiliana, mke wa Ignatio, hakuweza tena kuinua jembe.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili na kansa ya shingo ya kizazi. Mwezi Januari daktari huko Songea alimweleza kwamba imeshafika kwenye kibofu na haitapona, akampa mofini ya maji ya kutuliza maumivu, anywe kila baada ya saa nne. Aliyejua ni mumewe tu. Majirani waliambiwa ni tumbo.

Emiliana alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao, familia kumi na moja za Kikatoliki zinazosali pamoja kila Jumamosi. Mwenyekiti ndiye hufungua sehemu ya shukrani, kwa kutaja jambo analomshukuru Mungu. Jumamosi tatu mfululizo alikuwa ameiruka.

"Jumamosi hii nawaambia wachague mwingine," alimwambia Ignatio asubuhi hiyo. "Nikifika kwenye shukrani, natafuta, sipati kitu. Siwezi kudanganya mbele ya Mungu."

"Mungu anajua unaumwa."

"Anajua. Ndiyo shida yenyewe."

Ignatio alichukua jembe la mkewe, akaenda shambani, akaanza kuchimba. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na alikuwa hajawahi kufunika majani.

Saa tatu jirani yao Restituta alipita njia ya juu, akasimama.

"Baba Rodrick, siku hizi umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Na mumeo yuko wapi?"

"Yuko kibarazani. Anaumwa."

"Basi akufundishe. Hizo ni ngolo au makaburi ya kuku?"

Emiliana alisikia, akacheka. Kicheko kilimbana chini ya kitovu, akainama mpaka maumivu yalipopungua. Kisha akashuka shambani. Ni hatua arobaini. Alipumzika mara tatu.

Restituta alisema kweli. Udongo ulikuwa mwembamba na majani yalionekana.

"Ongeza upande wa chini," Emiliana alisema. "Mvua moja tu itabeba vyote."

Ignatio alirudia kutoka mraba wa kwanza. Wanaume wawili waliokuwa wakienda kwenye mashamba yao ya kahawa walimtazama, wakaambiana kitu, wakacheka. Hakuinua kichwa.

Emiliana aliketi chini, akaomba mbegu. Alipanda pale mkono ulipofika, vishimo kumi na vinne vya maharage. Alipotaka kusimama, miguu ilikataa. Ignatio akambeba mgongoni.

"Restituta anatuona," Emiliana alisema.

"Aone."

"Atajua si tumbo."

"Ajue, mama."

Emiliana alilia njia nzima. Siku nne zilizofuata hakutoka kitandani.

Jumamosi tarehe 14 jumuiya ilikutana nyumbani kwake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu kumi na tisa. Emiliana aliongoza akiwa ameketi mkekani. Walipofika kwenye shukrani aliutaja ugonjwa kwa jina lake na maneno ya daktari kama yalivyosemwa.

"Niliwadanganya, mnisamehe," alisema. "Uponyaji sijauona, na sidhani nitauona. Nikimwita Mungu, sisikii kitu. Namwita tu. Lakini Jumatatu mume wangu alichekwa kwa ajili yangu, akaendelea kuchimba. Hilo nimeliona kwa macho yangu. Kwa hilo, Bwana, nakushukuru. Sina lingine."

Ignatio alikuwa ameketi mlangoni, akitazama chini.

Restituta akaitikia, "Tunakushukuru, Bwana," na wengine wakamfuata.