Siku Mnara wa Pisa Uliposimama Mnazi Mmoja

Fundi Isidori alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Ukimkaribisha chai, kabla hajakaa ataikagua meza, atatafuta kipande cha ubao akitie chini ya mguu mfupi, ndipo afanye ishara yake ya msalaba na kunywa. Watu wa Kariakoo walimcheka, lakini kazi za milango walimpa yeye. Mlango wa Isidori ukiufunga umefunga, haukwaruzi sakafu wala haumwachii jirani mwanya wa kuchungulia.

Ugonjwa wenyewe aliupatia Ilala. Alipoteremka kutoka kwao Kilema, kule Kilimanjaro, miaka ile Mwingereza anatawala Tanganyika na vita ya pili bado haijabisha hodi, alikwenda kuomba kazi kwa Fundi Sadalla. Sadalla mji huu alikuwa ndiye useremala wenyewe, wengine wote wanafunzi. Akampa fremu ya mlango aiunde. Ilipokwisha, mzee akaitundikia timazi, ule uzi wenye risasi wa kupimia unyoofu, mbele ya mafundi wote, akatazama, akasema kwa upole kabisa kwamba ni afadhali kijana arudi kwao akapalilie kahawa ya baba yake. Mafundi wakacheka mpaka wakashikilia meza. Isidori hakurudi kwao. Akapanga upenuni, nyuma ya duka la Bwana Ghanim pale Kariakoo, akaapa kwamba hakitatoka tena kitu kilichopinda mkononi mwake, na iko siku Sadalla atakuja kuona kwa macho yake.

Sasa sikiliza walichomfanyia.

Mke wa Ghanim, Bi Badriya, alikuwa malkia wa Nyota Njema, chama cha ngoma ya lelemama cha akina mama wa Kariakoo. Kila Idd chama hicho kilipambana na wenzao wa Ilala waliojiita Safina, pale uwanja wa Mnazi Mmoja. Waamuzi hawakuwapo. Mwamuzi ni miguu ya watu: ngoma itakayofuatwa na umati ndiyo iliyoshinda, na iliyoachwa imeachwa. Ndiyo maana kila chama kilikuja na ajabu lake la kuvutia macho. Idd iliyopita Safina walikuja na meli ya mbao, kazi ya Sadalla, inatoa moshi wa udi kwenye bomba. Mji mzima ukaifuata meli mpaka Ilala, Nyota Njema wakabaki wanawachezea mbuzi. Tangu siku ile Bi Badriya hakuweza kupita sokoni bila mtu kumpigia honi ya meli kwa mdomo nyuma yake. Mwanamke wa watu alikonda.

Ghanim alikuwa na kalenda aliyoletewa na mfanyabiashara wa ng'ambo, ina picha za majengo makubwa ya dunia. Mwaka wake ulikwisha zamani, lakini Ghanim hakuitupa, alisema tarehe zimekufa ila picha bado zi hai. Akina mama wakaitandaza uani wachague ajabu la mwaka huu. Ukuta wa Uchina ukakataliwa mara moja, nani ataubeba na mwisho wake hauonekani? Mnara wa Paris wakasema bado unajengwa, warudi kuutazama ukishakandikwa. Wakaipenda sana Taj Mahal ya Bara Hindi, nyeupe, ina makuba, wakaanza hata kugawana rangi za nguo, mpaka Ghanim alipotia neno kutoka dukani kwamba lile ni kaburi. Kaburi, siku ya Idd! Wakafunua upesi. Na yale mapiramidi ya Misri je? Nayo makaburi, ya akina Firauni. Wakafunua tena, safari hii kwa kuudhika.

Ukurasa uliofuata ulikuwa mnara mweupe wa Utaliani, mji wa Pisa, nguzo juu ya nguzo, nao umelalia upande. Bi Mauza, mkongwe wao na mwenye nyonga mbovu, akaweka kidole juu yake. Akasema huo ndio, umekaa hasa kama yeye akiamka asubuhi. Wakacheka mpaka machozi yakawatoka, na shauri likawa limekwisha.

Isidori akaitwa. Akaitazama picha, akaizungusha kidogo ili mnara usimame vizuri, akasema kazi nzuri ila aliyeipiga picha alikuwa amelewa. Wakamweleza kwamba mnara wenyewe ndivyo ulivyo. Akakataa. Fundi mzima, mbele ya uwanja uliojaa watu, asimamishe kitu kimepinda kwa makusudi? Na Sadalla yupo pale kwa wenzake wa Safina? Akasema watafute mwingine. Bi Badriya angeweza kumkumbusha nani alimpa upenu bila kodi mwezi wa kwanza, na nani alimpelekea uji alipougua homa. Hakumkumbusha hata moja. Alimtazama tu, na yule kijana akajiona anakubali.

Akaufanya kweli mnara. Kiini boriti ya mkoko, mwili mbao za masanduku ya chai, nguzo ndogondogo za mianzi zimezunguka ghorofa juu ya ghorofa, kisha chokaa juu mpaka ukaumiza macho. Chini akaweka jukwaa, akaligongea kabari, akapanga magunia ya mchanga ndani ili upepo wa kusi usije ukaubwaga. Bi Badriya alikuja kukagua akauliza mbona umenyooka. Isidori akajibu kwamba ya kuinamisha ni kazi ya siku yenyewe, asiwe na wasiwasi. Uongo mtupu. Moyoni alikwisha kata shauri kuwa hauinami ng'o. Watu wakiona uzuri wake watasahau habari za kuinama, na Sadalla ataona alimfukuza nani.

Idd ikaandama. Mnazi Mmoja palijaa kanzu na nguo mpya, watoto mikono imenata halua. Safina wakaingia kwanza na ajabu lao, na Nyota Njema walipoliona wakashikana mikono wasicheke: piramidi! Piramidi la magunia yaliyopakwa rangi ya mchanga, kubwa kama nyumba, lina kimlango, na ndani ya kimlango msichana anarusha tende. Kwamba ni kaburi, hao hawakujua. Lakini umati nao haukujua, na tende ni tende, watu wakamiminika upande ule. Sadalla alikuwa amesimama kando katika kanzu yake nyeupe, anapokea mikono ya pongezi.

Zamu ya Kariakoo. Mkokoteni ukasogezwa, jukwaa likashushwa chini, kanga zilizoufunika mnara zikavutwa. Uzuri ulikuwapo, wallahi, nani atabisha? Mrefu, mweupe, umenyooka kama mnazi uliokulia kivulini. Watu wakasema aaa. Kisha mama mmoja wa Safina akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka Gerezani, huo ni mnara wa msikiti gani, na muadhini wake yuko wapi? Uwanja ukacheka. Wachache waliokuwa wamesogea wakageuka kurudi kwenye tende. Akina mama wa Nyota Njema walikuwa wamejipanga na vijiti mkononi, nguo za kufanana, wakabaki wamesimama bila kujua waanze wapi.

Bi Badriya hakupiga kelele. Alimwendea Isidori, macho yake yamejaa maji, akamwambia polepole, "Mwanangu, huu umemjengea Sadalla. Sisi tuliomba wa kwetu."

Isidori aliona haya, haya ya kumtoka jasho. Akamtazama mwanamke yule, aliyekwisha kusikia honi nyuma yake mwaka mzima na sasa anaujua wimbo atakaopigiwa mwaka ujao. Akamtazama Sadalla, naye Sadalla alikuwa anamtazama yeye, mikono nyuma, anangoja. Kuuinamisha sasa, mbele ya macho yale? Na ukianguka? Atakuwa amepinda na ameangusha, siku moja, uwanja mmoja, na njia ya Kilema iko wazi. Alitamani ardhi impasukie. Haikupasuka. Basi akavua koti lake la sikukuu, akachukua nyundo na kamba, akatambaa chini ya jukwaa.

Huko chini palikuwa na giza na harufu ya chokaa. Aliburuta magunia ya mchanga, akayatoa upande wa jua linakozama akayarundika upande wa pili, moja baada ya jingine, huku anapiga hesabu kichwani na roho iko mkononi. Akaikaza boriti kwa kamba, akazungusha, akafunga, akaongeza fundo na jingine. Kisha akaigonga kabari ya upande mtupu. Ikagoma. Akaigonga tena, ikaruka.

Mnara ukalia kuanzia chini mpaka juu. Watu wakapiga yowe, wakatawanyika, wa Safina wakaziacha tende zao wakakimbia pia. Mnara ukaenda, ukaenda, ukazidi kwenda, halafu ukakaa. Isidori alibaki amelala kifudifudi, amefumba macho, anangoja mbao zimshukie mgongoni. Hazikushuka. Nje palikuwa kimya, uwanja wote ule, kimya.

Aliyekivunja ni Bi Mauza. Mkongwe akaulalia ubavu wake ule mbovu, akasimama sawasawa na mnara ulivyosimama, akagonga vijiti, akatunga palepale:

"Wa kwetu umeinama, kwenu mmezikana!"

Na kama kuna mtu hakuelewa, Ghanim alikuwapo kueleza piramidi ni kitu gani. Habari ikapita uwanjani kama moto wa makuti. Kaburi! Wameleta kaburi Idd! Hata wanawake wa Safina wenyewe walicheka, na msichana wa tende akatoka mbio ndani ya kile kimlango asirudi tena. Nyota Njema wakaupokea wimbo, mstari mzima wa wanawake wakainama ubavu mmoja pamoja na mnara wao, mabega yanakwenda, vigelegele juu. Watu wakaja. Wakaja wote, nao wakainama, wazee kwa watoto, mpaka ungedhani ni Mnazi Mmoja penyewe palipopinda. Bi Badriya alicheza kilemba kikamdondoka, asikiokote.

Isidori alitoka chini ya jukwaa mweupe kwa chokaa kama mzuka, akasimama, akautazama mnara. Umepinda. Umepinda vibaya sana. Na ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyopata kufanya kwa mikono yake, furaha ikampanda mpaka akacheka peke yake.

Hapo ndipo Sadalla alipokuja, anapenya katikati ya wachezaji. Akauzunguka mnara, akausukuma kwa bega, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa nguvu zake zote. Haukutikisika. Mzee akapandisha kanzu yake ya Idd magotini, akachutama, akachungulia chini ya jukwaa kitambo kirefu. Kisha akageuza shingo, na yule mtu ambaye hakuna fundi mji huu aliyewahi kumsikia akiuliza, akauliza.

"Kijana, umeuzuia na nini?"

Isidori alikuwa na maneno ya kumwambia Sadalla. Alikuwa ameyatunza, ameyapiga randa, usiku mwingi sana. Akafungua mdomo ayatoe, akakuta hayapo, na badala yake akachutama kando ya mzee, akaanza kumchorea mchangani kwa kidole: uzito uko huku, kamba inapita hapa, kichwa kinaelekea kule. Sadalla akasema hapana, kamba ingepita hivi ingekuwa bora zaidi, akachora na yeye. Isidori akatazama, akakubali, ila akasema fundo lingebadilika. Wakainamiana, vichwa vinagusana, chini kabisa ya ule mnara.

Bi Badriya akawaona, akaacha kucheza. Akawapigia kelele watoke pale kwa haraka, wasije wakampa msiba siku ya furaha yake.

"Hauanguki, mama," Isidori akamjibu, wala hakuinua kichwa.