Askari wa Moorosi

Hata mwezi haujaisha tangu Moorosi aanze ARV, uvimbe wa shingoni mwake ulipasuka. Usaha ukalowesha blanketi, na homa ikampanda akawa anamtukana mkewe, Masechaba, matusi aliyojifunza mgodini.

Masechaba hakushangaa. Nesi alikuwa amemweka chini akamweleza: "Chembe za kinga, askari wa mwili wake, walikufa karibu wote, mama. TB ikajificha kwenye matezi, ikanenepa. Sasa virusi vimebanwa, askari wanazaana. Wachanga wanafunzwa kwenye tezi nyuma ya mfupa wa kifua, kisha wanaingia kazini. Hawa askari wasaidizi hawaui kwa mkono wao. Wanapiga mbiu, na wanaoitika wanachoma nyumba nzima, ndipo atavimba na kutoka usaha. Dawa ya kupoza uvimbe hii hapa. Lakini akiacha ARV, umemzika."

Lefa, kaka mkubwa wa Moorosi, hakutaka kusikia habari za askari. Aliingia na molamu, ile fimbo ambayo mwanamume wa Kisotho haachani nayo, na wembe mfukoni.

"Alikuwa anakohoa tu! Umempa vidonge vyako, sasa anaoza!"

"Ntate Lefa, shemeji yangu, nisikilize kwanza..."

Molamu ilimpata begani, kisha mgongoni, akaanguka kando ya moto wa samadi. Lefa akazoa chupa za plastiki za vidonge akazitupa motoni. Kisha akamkalia ndugu yake kifuani, mzee mzima huyo, akaanza kumchanja shingo ili sumu itoke. Damu ilichuruzika pamoja na usaha. Moorosi akalia kama mbuzi.

Masechaba aliingiwa na hasira ambayo hakujua anayo. Aliiokota molamu akaishusha kwa mikono miwili kwenye mkono wenye wembe, na mfupa ukalia ko! Akaishusha tena kwa kuwa Lefa alichelewa kuuachia wembe.

Kisha akatia mkono motoni. Chupa ziliyeyukia vidoleni mwake, ngozi ikabaki nazo. Kati ya vidonge vilivyosalimika, vya siku hiyo aliviweka mdomoni mwa mumewe, kimojakimoja, huku akimminya pua.

"Vinaniua, mke wangu."

"Meza. Wanapigana kwa ajili yako, mpumbavu wewe. Meza!"

Akameza.

Lefa alikuwa sakafuni, amekumbatia mkono uliovunjika, machozi yanamtoka waziwazi. "Na akifa?"

"Akifa," Masechaba alisema, "njoo unipige kwa huo mkono mwingine."